Kusafisha kioo cha kishikwambi bila kumaliza utando wake

Kioo cha kishikwambi kimepakwa utando mwembamba mno unaozuia mafuta ya vidole yasigande. Utando huu huisha kwa kusuguliwa, na mchanga ndio adui mkubwa: chembe zake nyingi ni ngumu kuliko kioo chenyewe. Kwa hiyo usianze kwa kufuta. Zima kifaa, chomoa chaja, ondoa vumbi kwa brashi laini.

Lowesha kidogo kitambaa cha maikrofaiba kwa maji safi, ukikamue hadi kisitoe tone, kisha futa bila kukandamiza. Malizia kwa kikavu. Usinyunyizie maji kiooni. Yataingia kwenye spika na tundu la chaji.

Uchafu sugu? Kwa iPad, Apple huruhusu vitambaa vya alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, ila visiwe vya kila siku. Jiki na dawa ya madirisha yenye amonia, hapana. Dawa ya meno ndiyo mbaya zaidi: inakwangua utando, na mchubuko unabaki palepale.

Kupima, dondosha tone moja la maji. Likijikusanya kama shanga, utando upo. Likitandaa, umekwisha, bandika protekta ya kioo yenye utando wake.