Jinsi ya kumtumia mwambata wa biashara wa ubalozi wako, hatua kwa hatua

Kwa miaka tisa nilikuwa mwambata wa biashara, yaani afisa wa ubalozi anayesaidia kampuni za nchi yake kuuza nje, na karibu kila asubuhi nilifungua barua pepe ya aina moja: "Sisi ni kampuni inayokua, tunatengeneza bidhaa bora kwa bei nafuu. Tunaomba mtutafutie wateja." Nilikuwa nikijibu, maana kujibu ndiyo kazi. Nachukua orodha ya waagizaji ya chama cha wafanyabiashara wa pale, naiambatisha, namtakia kila la heri. Sijasikia hata mmoja aliyeuza kitu kwa orodha ile. Siku hizi niko upande wa pili, nasaidia kampuni kuuza nje, na barua hizo naziona kabla hazijatumwa. Nimeandika haya ili zipungue.

Kabla ya hatua yoyote, elewa kwamba ubalozi hauuzi. Hauna stoo, hauna fundi, na bei yako ya kiwandani hauijui. Una vitu vitatu ambavyo wewe huna: simu yake inapokelewa wizarani, una mtu papo hapo anayeweza kwenda kujionea kwa macho, na jina lake kwenye mwaliko humtoa mkurugenzi ofisini. Omba jambo linalohitaji kimojawapo kati ya hivyo. Mengine yafanye mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua mlango wako ni upi

Nchi hazikuipanga kazi hii namna moja. Marekani ina maafisa wa biashara wanaokaa ndani ya balozi zake. Japani ina JETRO, shirika la kukuza biashara lililoanzishwa 1958, na Korea Kusini ina KOTRA tangu 1962, yote mawili yakiwa na ofisi zao nje. Wajerumani hutegemea sana vyama vyao vya biashara vya ng'ambo, maarufu kama AHK. Kanada ni wakongwe: mwaka 1894 walimteua John Short Larke kuwa kamishna wao wa biashara nchini Australia, miaka 15 kabla ya kuwa na idara yao ya mambo ya nje.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Piga simu wizara ya biashara au wakala wa kukuza mauzo ya nje wa nchi yako, uulize nani anashughulikia soko unalolitaka na anakaa wapi. Uliza pia kama kuna malipo. Wamarekani, kwa mfano, hutoza ada kwa huduma yao ya Gold Key ya kukupangia mikutano na wanunuzi, kwa hiyo usishangae ukiletewa ankara. Nchi nyingine hazitozi chochote, ila mtu mmoja ndiye anayebeba biashara, utalii na malalamiko ya raia waliopoteza pasipoti. Huyo mwandikie kwa ufupi zaidi.

Usijione kama unaomba hisani. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 3, unataja kukuza uhusiano wa kiuchumi miongoni mwa kazi za ubalozi. Mkataba huohuo, kifungu cha 42, unamkataza mwanadiplomasia kufanya biashara kwa faida yake binafsi katika nchi aliyotumwa. Akikuomba asilimia, hapo si mahali pako.

Hatua ya 2: Fanya kazi ya nyumbani ya saa mbili

Tafuta namba ya HS ya bidhaa yako, yaani namba ya kimataifa ambayo forodha huitumia kuainisha bidhaa. Mfumo huo ulianza kutumika 1988, na tarakimu sita za mwanzo ni zilezile katika nchi zote zinazoutumia. Kuanzia ya saba kila nchi huongeza zake. Ukiwa na namba hiyo, ingia Trade Map, kanzidata ya Kituo cha Kimataifa cha Biashara kilichoko Geneva, uone soko lile linanunua kiasi gani na kutoka kwa nani. Kisha tafuta ushuru wa forodha unaotozwa bidhaa inayotoka kwenu, na kiwango cha ubora kinachodaiwa.

Basi. Huhitaji ripoti ya kurasa arobaini. Barua yenye namba ya HS nilikuwa naitoa kwenye rundo na kuiweka juu, kwa sababu ilinionyesha kwamba mwenye nayo ameshaanza kutembea.

Hatua ya 3: Andika barua yenye swali moja linalojibika

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo tukae kidogo. Hii ni barua niliyomsaidia mteja kuandika, nikiwa nimebadilisha mambo machache:

"Tunatengeneza mabomba magumu ya PVC ya kupitishia maji, HS 3917.23. Tayari tunauza katika nchi mbili. Huko tunataka kuingia kupitia wasambazaji wa vifaa vya maji, si maduka ya rejareja. Tumewaandikia wasambazaji watatu, majina yao yako chini. Wawili hawajajibu, wa tatu anasema cheti chetu cha ubora hakitambuliki. Swali letu: mamlaka ya viwango ya huko inakubali majibu ya maabara ya nje? Kama haikubali, tuzungumze na idara gani? Tutakuwa mjini tarehe 12 hadi 16 Mei."

Sentensi ya kwanza inamwambia afisa afungue jedwali gani. Ya pili inamhakikishia kwamba hatafedheheka akikutambulisha, maana umeshawahi kusafirisha mzigo ukafika. Majina ya wasambazaji watatu yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana: huenda mmoja wao anamjua, au anajua kwa nini hajibu. Swali lenyewe ni la aina ambayo ubalozi hulijibu kwa simu moja, na wewe ungelihangaikia miezi miwili. Tarehe zinamlazimisha kukuweka kwenye kalenda.

Zingatia pia ambacho hakimo: historia ya mwanzilishi, dira na dhima, picha ya mkurugenzi akikabidhiwa tuzo. Katalogi iambatishe, kurasa nne zatosha, na iwe katika lugha ya mnunuzi.

Usipojibiwa ndani ya siku kumi za kazi, piga simu. Ukijibiwa kwa orodha tupu ya majina kama nilizokuwa natuma mimi, rudi na swali: "Kati ya hawa, ni yupi mmewahi kukutana naye?" Jibu la swali hilo lina faida kuliko orodha nzima.

Hatua ya 4: Mwombe afisa akamwone mnunuzi

Kampuni moja iliwahi kutuletea oda iliyoipata mtandaoni. Mnunuzi hakubishana bei hata kidogo, alitaka mzigo haraka, na nembo yake ilifanana na ya kampuni kubwa inayojulikana. Mwenzetu mwenyeji alichukua teksi hadi kwenye anwani iliyoandikwa. Alikuta fundi cherehani. Akamuuliza kwa adabu kuhusu kontena mbili. Yule bwana akacheka na kumkaribisha kiti. Gharama ya safari ile ilikuwa nauli ya teksi, na iliokoa mzigo wote.

Omba mambo matatu: kampuni imesajiliwa kweli, anwani ni ya kweli, na anayesaini ana mamlaka ya kusaini. Ubalozi wowote unaojiweza utakufanyia hayo, kisha utaandika chini kabisa kwamba hauwajibiki kwa uamuzi wako. Usiudhike. Haukupi dhamana ya malipo, na haupaswi.

Dhamana ina mlango mwingine: shirika la serikali la bima ya mikopo ya mauzo ya nje, linalokufidia mnunuzi asipolipa. Uingereza ina lake tangu 1919, la kwanza duniani, na Benki ya Exim ya Marekani ni ya 1934. Kama nchi yako haina, sisitiza benki ya mnunuzi ijifunge kwa maandishi kukulipa ukishawasilisha hati za shehena.

Hatua ya 5: Mkutano na hafla

Ukipata mkutano ubalozini, mweleze afisa siku moja kabla unataka nini kitokee mwishoni mwake: agizo la majaribio, ziara ya kiwanda, au jina la mtu wa manunuzi. Asipojua, atazungumzia urafiki wa mataifa mawili hadi chai ipoe. Balozi mwenyewe mwache afungue kikao na aondoke. Bei haijadiliwi mbele yake.

Hatua ya 6: Mzigo ukikwama

Hapa ndipo serikali hufaa kuliko mahali pengine popote, na hapa pia ndipo wateja wangu hujiharibia.

Kwanza jiulize kwa ukweli ni tatizo la aina gani. Hati zako zikiwa na kosa, zirekebishe na wakala wako wa forodha, usimpigie balozi. Kama mnunuzi wako kakataa kulipa, huo ni mgogoro wa mkataba, na ubalozi hauwezi kumlazimisha. Utakachohitaji ni kipengele cha usuluhishi ulichokiweka kwenye mkataba tangu mwanzo, maana Mkataba wa New York wa 1958 unazifunga nchi zaidi ya 170 kutambua uamuzi wa wasuluhishi wa nje. Lakini ikiwa afisa wa nchi ile anaitumia kanuni vibaya, au kanuni yenyewe inawabagua wageni, hiyo ni kazi ya ubalozi hasa.

Nikupe mfano. Shehena ya rangi za ukutani ilizuiwa bandarini kwa sababu lebo ya lugha ya pale ilikuwa stika iliyobandikwa, haikuchapwa kwenye kopo. Mwenye mzigo alitupigia akifoka. Nilimwomba vitu vitano: nakala ya hati ya kuzuiwa, namba ya kanuni aliyotajiwa, picha ya lebo, tarehe mzigo ulipofika, na gharama ya kila siku. Alipovileta, tulisoma kanuni tukakuta ilirekebishwa: stika zinaruhusiwa mradi zisibanduke. Afisa wa bandarini alikuwa na toleo la zamani. Nilimpigia mtu wa idara ya viwango, nikamtumia aya husika, naye akasema atalimaliza kimyakimya kabla ya wiki kuisha.

Jioni ileile mwenye mzigo akaenda mtandaoni kuandika kwamba bandari ile imejaa wala rushwa. Idara ikajifunga. Jambo la simu moja likageuka kuwa waraka rasmi wa kibalozi, majibu kwa mwezi, na gharama za kuhifadhi kontena juu yake. Kwa hiyo mfuatano uwe huu: simu kwanza, barua pili, waraka rasmi tatu, na vyombo vya habari mwisho kabisa, kama vitakuwapo.

Tatizo likiwa la sekta nzima, jiungeni. Serikali yako inaweza kulipeleka kwenye kamati za Shirika la Biashara Duniani za vikwazo vya kiufundi au za usafi wa chakula na mimea, lakini haitafanya hivyo kwa ajili ya makopo yako peke yako. Afadhali zaidi ni kuliwahi: nchi wanachama hutakiwa kutangaza kanuni mpya zikiwa bado rasimu, na kwa kawaida huacha siku 60 za maoni. Jisajili kwenye ePing, mfumo wa mtandaoni unaotoa taarifa za rasimu hizo, bila malipo, kwa namba yako ya HS na masoko yako. Rasimu ikitoka unaletewa taarifa, na hapo ndipo barua yako kwa wizara ina nguvu.

Hatua ya 7: Zabuni za serikali

Balozi anaweza kumwandikia waziri wa kule kwamba kampuni yako ni ya kuaminika na kwamba serikali yako inafuatilia. Kuna masharti mawili. Mkiwa washindani wawili wa nchi moja, ataunga mkono nchi, hatamtaja mmoja. Na sehemu ya kutosha ya kazi au faida lazima irudi nyumbani. Kampuni iliyobakisha anwani tu nchini itapata barua baridi.

Omba mapema, kabla bahasha hazijafunguliwa. Baada ya mshindi kutangazwa, barua ya balozi inasomeka kama malalamiko. Na kama umetumia dalali anayelipa watu "ada ya kurahisisha", usiuhusishe ubalozi kabisa. Nchi zilizosaini mkataba wa 1997 dhidi ya hongo wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) zimejifunga kumshtaki mtu wao anayemhonga afisa wa nchi nyingine, na afisa wa ubalozi akisikia huenda akalazimika kuripoti.

Hatua ya 8: Rudisha taarifa

Ukiuza, mwandikie afisa: umeuza nini, kiasi gani, msaada wake ulikuwa upi. Anapimwa kwa taarifa za namna hiyo, na wengi hawaandiki. Ukishindwa pia mwandikie, useme kwa nini.

Nakala mtumie mfanyakazi mwenyeji wa ofisi ile, yule aliyechukua teksi. Mwanadiplomasia huhamishwa baada ya miaka mitatu au minne; mwenyeji yupo pale miaka ishirini, na namba ya simu ya idara ya viwango iko kwenye daftari lake.