Kuchagua tela la kubebea trekta la zamani

Katika wilaya za Karatu, Mbulu, Babati na Hanang bado utayakuta matrekta yaliyotoka kiwandani kabla wengi wa wanaoyaendesha leo hawajazaliwa. Massey Ferguson 135, lililotengenezwa Coventry nchini Uingereza kuanzia 1964 hadi 1975, ndilo ninaloulizwa zaidi, likifuatiwa na Ford 5000 la kipindi hichohicho, kwa sababu injini zake fundi wa kijijini anazimudu. Mara nyingi matrekta haya hununuliwa mbali na shamba yanakokwenda kulima, na si busara kuliendesha barabarani, kwa mfano kutoka Babati hadi Karatu, trekta lisilofika kilomita 30 kwa saa, lisilo na taa, na lenye beringi za mbele zilizochoka. Hapo ndipo mnunuzi anapoanza kutafuta tela, na wengi huanza kwa kuuliza bei. Mimi huwaomba waanze kwa kuuliza uzito wa trekta lenyewe, jinsi lilivyo siku hiyo lilipoegeshwa.

Uzito ulioandikwa kwenye kitabu ni wa trekta tupu. Massey Ferguson 135 tupu lina takriban kilo 1,450, lakini trekta lililokuwa likilima mara nyingi limejazwa maji kwenye matairi ya nyuma ili lisiteleze, na tairi moja la ukubwa wake likijazwa robo tatu hubeba karibu lita 150. Matairi mawili yanaongeza kilo 300 ambazo jicho haliwezi kuziona. Ukiacha na plau ya disiki tatu ikining'inia nyuma, umeongeza kilo nyingine 300 au zaidi, na trekta uliloambiwa ni dogo sasa limezidi tani mbili. Ili kujua kama kuna maji, zungusha gurudumu mpaka valvu iwe chini, kisha ubonyeze sindano yake kidogo. Yakichuruzika maji, yatoe yote kabla ya safari, kwa kuwa kuyarudisha shambani hakuna gharama. Plau nayo ipakiwe kwenye gari jingine. Kama kuna ghala la mazao lenye mizani ya magari karibu, lipime trekta hapo, magurudumu ya nyuma peke yake na ya mbele peke yake, na uandike namba zote mbili.

Baada ya hapo ndipo usome kibati cha tela. Uzito unaosomeka pale kwa kawaida ni uzito wa juu wa tela pamoja na mzigo wake, na si wa mzigo peke yake. Tela lililoandikwa kilo 2,500, kama lenyewe lina kilo 800, limebakiza kilo 1,700 tu, na wauzaji wengi huwachanganya wateja hapa, wakati mwingine bila hata kukusudia. Kwa trekta la kilo 1,450 ambalo huenda siku moja likasafiri na maji na plau yake, ninashauri tela la kilo 3,500. Ford 5000, ambalo tupu linakaribia kilo 2,500, litaenea kwenye tela hilohilo kwa shida, na ni lazima maji yatolewe kwanza. Likibaki na maji, linahitaji tela kubwa zaidi na lori la kulivuta. Kitabu cha gari linalovuta nacho kisomwe kwa makini, kwa maana hutaja uwezo wa aina mbili, wa kuvuta tela lenye breki na wa kuvuta tela lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi huu wa pili ni kilo 750, yaani hautoshi hata kwa tela tupu.

Vipimo vya upana vilinifundisha kwa jasho. Tulikwenda kuchukua Massey Ferguson 135 tukiwa na tela ambalo bedi lake, kati ya madigadi mawili, lilikuwa na sentimita 175, na kwenye karatasi trekta lilikuwa linaingia vizuri. Tulichosahau ni kwamba magurudumu ya nyuma ya matrekta haya hutanuliwa na kubanwa kwa kugeuza rimu na sahani zake, hatua kwa hatua ya inchi 4, na mwenye trekta alikuwa ameyatanua ili yapite katikati ya mistari ya mahindi. Tulipopima kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi ukingo wa nje wa tairi la pili, tulipata sentimita 190. Tuliliinua kwa jeki na magogo, tukageuza gurudumu moja baada ya jingine, bolti moja iliyoshika kutu ikakatika, na jua likazama tukiwa bado uani kwa mwenye mali. Tangu siku hiyo sifanyi makadirio. Napima kwa utepe, chini pale tairi linapotanuka, na ninataka nafasi ya angalau sentimita 5 kila upande.

Yapo matela ambayo bedi lake limewekwa juu ya matairi, na hayo hayana tatizo la madigadi, lakini yanaliinua trekta juu zaidi, na trekta lililo juu huyumba kwenye kona na hupandishwa kwa shida. Kwa barabara zetu ninalipenda zaidi tela la bedi la chini lenye ekseli mbili, kwa kuwa likipasuka tairi moja halianguki upande papo hapo.

Matairi yenyewe yakaguliwe kwa kusoma namba iliyo ubavuni, ile inayofuata ukubwa wa tairi. Namba 91, inayopatikana kwenye matairi mengi ya gari dogo, maana yake ni kilo 615 kwa tairi, kwa hiyo matairi manne hayafiki kilo 2,500. Namba 104 ni kilo 900, na manne yake ni kilo 3,600. Nimeyaona matela yaliyochomelewa vizuri sana, yenye rangi ya kupendeza, yakisimama juu ya matairi ya gari dogo. Breki ziwe kwenye ekseli zote mbili. Anayeshuka mteremko kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu akiwa na tani tatu nyuma yake na tela lisilo na breki, anaziachia breki za pikapu kazi zisiyoiweza, nazo zikishapata moto hazishiki tena.

Suala la kupandisha ndilo linaloua watu, na ningependa msomaji alisome polepole. Trekta la zamani kwa kawaida halina fremu ya kumlinda dereva. Likipanda rampu kali kwa mbele, dereva akaachia klachi ghafla, magurudumu ya nyuma hung'ang'ania na mwili wote wa trekta huzunguka juu ya ekseli ya nyuma. Kichwa huinuka, na katika muda usiofika sekunde mbili trekta limempindukia dereva. Kwa hiyo usinunue tela lenye rampu fupi. Bedi lililo sentimita 70 kutoka chini, likiwa na rampu za mita 1.5, linatoa mwinuko wa karibu nyuzi 28. Rampu za mita 2.5 zinaupunguza hadi nyuzi 16. Bora zaidi ni winchi ya mkono iliyofungwa mbele ya bedi, kwa sababu matrekta mengi ya aina hii hununuliwa injini ikiwa haiwaki, na kwa winchi hakuna mtu anayekaa kwenye kiti. Sakafu ya mbao nzito naiona salama kuliko ya bati, ambalo likilowa mvua au mafuta huteleza.

Bedi liwe refu kuliko trekta kwa mita moja hivi, ili trekta lisogezwe mbele au nyuma mpaka ulimi wa tela, yaani chuma cha mbele kinachoungana na gari, uelemee gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Uzito ukikaa nyuma mno, tela huanza kuyumba kama mkia gari linapoongeza mwendo. Ukikaa mbele mno, gari huinama nyuma na usukani huwa mwepesi. Kumbuka kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa trekta iko kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ndiyo yanayopaswa kukaa jirani na ekseli za tela.

Tela liwe na pete imara nne za kufungia, zilizochomelewa kwenye fremu na si kwenye sakafu. Cheni zifungwe kwenye ekseli ya mbele ya trekta na kwenye chuma cha nyuma cha kuvutia, kila moja ikivuta kuelekea kona yake, na kamwe zisifungwe kwenye vyuma vya usukani wala mikono ya haidroliki. Baada ya kilomita 10 simama uzikaze upya, kwa sababu matairi ya trekta hunywea na cheni hulegea.

Kabla ya kulipa, inama utazame kama tela lina miguu ya kushusha chini ya ukingo wa nyuma. Trekta linapofika kwenye ukingo huo wakati wa kuteremka, uzito wote huhamia nyuma ya ekseli, ulimi huinuka, na gari lililounganishwa huinuliwa magurudumu ya nyuma yakabaki hewani bila hendibreki ya maana. Kama hakuna miguu, fundi aiweke kabla ya safari ya kwanza, na hadi hapo yatumike magogo mawili yaliyokatwa kwa kimo cha bedi, yakiwekwa kabla ya cheni ya kwanza kufunguliwa.