SOMO: Namna ya kuilinda taasisi dhidi ya wahalifu wa mtandaoni

Habari wadau. Wengi wakitaka kujilinda huanza kwa kuuliza wanunue programu gani. Mimi huwauliza: kwenu, nani anaweza kubadilisha namba ya akaunti ya mzabuni bila kumuuliza mwenzake? Hapo kimya hutanda. Wahalifu wanabuni mbinu mpya kila kukicha, siku hizi hadi sauti na sura za kughushi, lakini milango wanayopitia ni ya siku zote. Tuipitie.

Hatua ya 1: Andikeni mlicho nacho

Kompyuta, seva, ruta, akaunti za barua pepe, mfumo wa uhasibu, na nani anaingia wapi. Anayeacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Mwaka 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa. Wahalifu walipita kwenye akaunti ya zamani ya kuingilia mtandao ukiwa mbali, ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia na hakuna aliyeifunga. Kampuni iliwalipa kikombozi cha bitcoin 75, wakati huo kama dola milioni 4.4.

Hatua ya 2: Uthibitisho wa hatua mbili

Akaunti hiyo ya Colonial ilikuwa na nywila tu. Wekeni hatua ya pili, yaani uthibitisho mwingine baada ya nywila, kwenye barua pepe, mifumo ya fedha na kila akaunti ya msimamizi wa mfumo. Programu ya kwenye simu inayothibitisha kuwa ni wewe ni bora kuliko namba inayokuja kwa ujumbe mfupi, kwa sababu tapeli anaweza kuihamishia laini yako kwenye kadi yake. Kuna mchezo mwingine: mwizi mwenye nywila yako anakutumia maombi ya "kubali" mfululizo usiku wa manane, mpaka unabonyeza ili ulale. Ombi usilolianzisha wewe, kataa na utoe taarifa.

Ile kanuni ya kubadilisha nywila kila baada ya siku 90 iacheni. Watu huongeza tarakimu moja mwishoni, basi. Nywila ndefu, tofauti kwa kila akaunti, na ibadilishwe pale inapohisiwa kuvuja.

Hatua ya 3: Masasisho

Virusi vya WannaCry vilisambaa duniani Mei 2017 na kukwamisha hospitali nyingi za Uingereza. Microsoft ilikuwa imeshatoa sasisho la kuziba tundu vilimopitia tangu Machi. Sina la kuongeza hapa.

Hatua ya 4: Malipo

Hapa tukae kidogo, maana ndipo pesa inapotokea. Mhasibu anapokea barua kama hii:

"Tumebadilisha benki. Naomba malipo ya mwezi huu yaingie kwenye akaunti iliyoambatishwa. Niko kikaoni, tuwasiliane kwa barua pepe tu."

Jina ni la mzabuni wenu, nembo ni yake, hata ankara ni ya kweli kwa sababu mwizi alishaingia kwenye barua pepe ya mmoja wenu na kusoma mazungumzo. Ukikazia macho anwani, penye "m" pamewekwa "r" na "n" zilizobanana. Na kama barua imetumwa kutoka akaunti halisi iliyodukuliwa, hata hilo hulioni.

Kwa hiyo msitegemee macho, tegemeeni utaratibu. Mabadiliko yoyote ya akaunti ya malipo yathibitishwe kwa kupiga namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Neno "haraka" au "siri" likitajwa, ndiyo sababu ya kusubiri.

Na video isiwaridhishe. Mwaka 2024 ilijulikana kuwa mfanyakazi wa fedha wa kampuni ya uhandisi ya Arup, huko Hong Kong, alituma jumla ya dola milioni 25 hivi. Barua ya kwanza aliitilia shaka. Kilichomtuliza ni kikao cha video alimomwona mkuu wake wa fedha na wenzake, kumbe wote ni wa kughushi. Simu moja kwa namba anayoifahamu ingetosha.

Hatua ya 5: Nakala rudufu

Nakala tatu za data zenu, kwenye vyombo vya kuhifadhia vya aina mbili, moja ikae nje ya ofisi. Mimi naongeza: angalau moja isiunganishwe na mtandao kabisa. Wanaofunga mafaili na kudai kikombozi huzitafuta nakala kwanza na kuziharibu.

Juni 2017 virusi vya NotPetya viliifuta mitandao ya Maersk, kampuni kubwa ya meli. Seva zinazotambua watumiaji zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo ziliangamia kwa pamoja. Iliyopona ni moja tu, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Nyie msingoje umeme ukatike. Na kila robo mwaka jaribuni kurejesha mafaili kutoka kwenye nakala, maana nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Hatua ya 6: Karatasi ya siku ya tukio

Ichapishwe, kwani kompyuta zikifungwa hamtaisoma. Nani anapigiwa, nani anaamua, nani anazungumza na wateja. Kompyuta iliyoathirika itolewe mtandaoni, lakini isifutwe; ushahidi umo humo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, sisi ni wachache na hatuna mtu wa TEHAMA. Tuanzie wapi?*

Hatua ya 4, leo hii, haina gharama. Kisha ya 2. Halafu diski ya nje inayochomolewa kila mkimaliza kunakili.

*Asante kwa somo. Bosi wetu akipigiwa kuthibitisha malipo anaona kama hatumwamini. Tufanyeje?*

Utaratibu autie saini yeye mwenyewe. Mkimpigia mtakuwa mnatii agizo lake, na tapeli anayejifanya bosi atakosa pa kupita.

*Mkuu, tukilipa kikombozi si tunarudishiwa data zetu?*

Hakuna uhakika. Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayoshughulikia malipo ya matibabu, ililipa dola milioni 22 mwaka 2024, na bado kundi jingine likajitokeza na data hizohizo likidai tena. Kabla ya lolote, angalieni mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa mtandao. Hutoa bure zana za kufungua mafaili yaliyofungwa na baadhi ya virusi hivi.

*Mwalimu, anayebonyeza linki ya matapeli akatwe mshahara?*

Hapana. Ukimkata, wa pili atakaa kimya, nawe utajua mafaili yakishafungwa. Aliyebonyeza saa tatu na akasema saa tatu na dakika tano, mshukuru, mbadilishe nywila, mwendelee na kazi.