Kusoma myuko wa koti la Dunia ukiwa Uganda: kuanzia sufuriani hadi mto Katonga

Ile michoro ya mishale inayozunguka chini ya mabara imewaachia wanafunzi wengi imani mbili zisizo za kweli: kwamba koti la Dunia, yaani tabaka nene la mwamba kati ya ganda na kiini, ni uji wa moto, na kwamba mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu, hubebwa tu juu yake bila kuchangia lolote. Nafundisha jiografia Fort Portal, mji uliozungukwa na ushahidi wa kinyume chake. Utaratibu ufuatao wa kufundisha myuko, yaani mzunguko ambapo kilicho moto hupanda na kilichopoa huzama, nautumia darasani, na mwalimu yeyote anaweza kuufuata akiwa na sufuria, kikokotoo na ramani ya setilaiti kwenye simu.

Hatua ya 1: Uone myuko kwa macho

Chukua sufuria pana, mimina mafuta ya kupikia yafike kina cha sentimita moja, kisha nyunyiza mdalasini wa unga. Weka kwenye sigiri yenye makaa machache. Wanafunzi wasimame mbali kidogo, na uipue kabla mafuta hayajatoa moshi.

Baada ya muda utaona unga ukianza kujipanga. Mahali mafuta ya moto yanapopanda, uso unabaki mtupu. Yanapopoa na kuzama, unga unakusanyika na kuchora mistari. Waambie wanafunzi waitazame hiyo mistari kwa makini. Kule ndiko mafuta yaliyopoa, mazito zaidi, yanarudi chini, na kuzama kwao ni nusu ya kazi yote. Katika Dunia, bamba la bahari ndilo sehemu iliyopoa ya mzunguko. Likizeeka huwa zito, likazama, likavuta sehemu yake iliyobaki nyuma. Kwa hiyo bamba lenyewe ni sehemu ya myuko.

Tofauti moja lazima isemwe: sufuria inapata joto kutoka chini tu, lakini koti la Dunia linapata joto kutoka kwenye kiini na pia ndani yake lenyewe, kwa kuoza kwa urani, thori na potasiamu.

Hatua ya 2: Uliza kwa nini joto lisipite tu kwenye mwamba

Koti lina unene wa kilomita 2,900 hivi. Chukua unene huo kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa kasi ya joto kupenya mwamba, ambayo ni mita za mraba 0.000001 kwa sekunde. Utapata sekunde ambazo ni sawa na miaka bilioni 270 hivi. Dunia ina miaka bilioni 4.5 tu.

Sasa linganisha. Mwamba unaosogea sentimita 5 kwa mwaka huvuka unene huohuo kwa miaka milioni 58. Mwamba huo ni mgumu, si kimiminiko. Mawimbi ya tetemeko ya aina ya S, ambayo hayapiti kwenye kimiminiko, hulivuka koti lote na kukomea kwenye kiini cha nje. Mgumu, lakini ukipewa joto na mamilioni ya miaka unatiririka.

Hatua ya 3: Kokotoa namba ya Rayleigh

Hatua hii msiiruke, hata darasa likilalamika. Namba hii hupima nguvu inayosukuma mwamba wa moto kupanda dhidi ya vizuizi vyake, yaani mnato (ukinzani wa mwamba kutiririka) na kupotea kwa joto njiani:

Ra = (densiti × mvutano × kutanuka × tofauti ya joto × unene³) ÷ (kupenya kwa joto × mnato)

Kwa koti la Dunia weka densiti kilo 4,000 kwa mita ya ujazo, mvutano wa sayari 10, kutanuka 0.00003, tofauti ya joto digrii 2,500, unene mita 2,900,000, kupenya kwa joto 0.000001, na mnato 10²². Jibu ni kama milioni 7. Myuko huanza namba ikipita 1,000 hivi. Koti letu limevuka kiwango hicho mara maelfu, na hata kama mnato uliouweka utakosea mara kumi, bado litakivuka mara mamia.

Wanafunzi waone pia kwamba unene umepandishwa kipeo cha tatu. Ukiupunguza nusu, namba inashuka mara nane. Tutaihitaji hesabu hiyo mwishoni.

Hatua ya 4: Fungua ramani ya Uganda

Chini ya Afrika Mashariki kuna mwamba wa koti wenye joto zaidi unaopanda. Umeinua uwanda wetu, na ganda la juu linavutwa kando kwa milimita chache kwa mwaka. Upande wa magharibi limepasuka na kuwa Bonde la Ufa la Albertine. Kingo za bonde zimenyanyuka, na hapo ndipo mito inapotoa ushahidi.

Tafuta ziwa Kyoga. Lina mikono mingi inayojipenyeza katikati ya vilima, kwa sababu ni mabonde ya mito yaliyofurika. Kisha fuata Kafu, mto unaouvuka ukienda Gulu. Chanzo chake ni kinamasi ambacho upande wa pili kinatoa Nkusi, unaokwenda ziwa Albert. Katonga, unaouvuka ukielekea Masaka, una hali hiyohiyo. Vuta picha karibu utazame vijito vyake: vingi vinauingia kwa pembe iliyoelekea magharibi, kinyume na maji yanakokwenda leo. Hapo zamani mito hii ilitiririka kuelekea Kongo. Ukingo wa bonde ulipoinuka, maji yalizuiwa, yakarudi nyuma, na ziwa Victoria likajaa kwenye bonde pana lisilo na kina kirefu. Hata leo halizidi mita 85 hivi.

Rwenzori nayo, mita 5,109, si volkeno. Ni bonge la mwamba wa kale sana lililosukumwa juu kati ya nyufa.

Hatua ya 5: Shika jiwe

Kwenye kasoko za Bunyaruguru na Katwe utaona mapande meusi yanayometameta maika, yaliyorushwa juu kutoka kwenye koti. Ndani ya hifadhi yaangalie tu, usiyachukue. Arthur Holmes, mwanajiolojia Mwingereza aliyependekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba myuko ndio unaosogeza mabara, aliichunguza miamba ya volkeno ya eneo hili na mwaka 1937 akaeleza mwamba unaoitwa katungaiti, kutokana na volkeno ya Katunga.

Hatua ya 6: Badilisha sayari

Rudia hesabu ya hatua ya 3, ukibadilisha unene na mvutano tu. Mirihi, yenye koti la kilomita 1,600 hivi na mvutano 3.7, inatoa kama 450,000. Myuko upo, lakini ganda lake ni kipande kimoja kisichosogea, ndiyo maana volkeno yake kubwa, Olympus Mons, ilikaa juu ya chanzo kilekile cha joto hadi ikafikia kilomita 22 hivi. Utaridi, yenye koti la kilomita 400 tu na mvutano huohuo wa 3.7, inatoa 7,000 hivi, karibu kabisa na kikomo. Sayari hiyo imepoa na kusinyaa, na uso wake umejaa kuta ndefu za miamba mahali ganda lilipobanwa likapandana.