Jinsi ya kusoma Biblia pamoja mkiwa wa makanisa tofauti bila kusambaratika

Bwana asifiwe wapendwa. Haya nawaandikia nyie mlioko kwenye vikundi vya mchanganyiko, vile vya maombi ya mchana kazini, vya chuoni, vya mtaani, ambako mmoja Mlutheri, mwingine Mmoraviani, huyu wa Kipentekoste, yule Muanglikana, na kuna dada Msabato ambae anakuja siku zote ila mkianza habari za Jumapili anaangalia saa. Kikundi chetu kilikaa miaka mitatu vizuri kabisa kwa sababu moja tu, hatukuwa tunafundishana kitu. Tunaimba, tunaomba, tunarudi ofisini. Kauli yetu ilikuwa "mafundisho yanagawa watu, sisi tumwinue Yesu tu". Alafu siku moja kaka mmoja aliyeokoka juzijuzi akauliza, hivi mimi niliyebatizwa nikiwa mchanga inahesabika au nirudie? Basi. Kila mtu akatoa mstari wake mfukoni, sauti zikapanda, na wiki iliyofuata tukabaki sita kati ya ishirini na kitu.

Yani tulidhani tuna umoja kumbe tulikuwa na ratiba.

Tulipoanza upya tulianza na Waefeso, na nawashauri muanze hapohapo. Sura 6, mistari 155, ukiisoma kwa sauti haimalizi nusu saa. Ila msirukie sura ya 4 kisa ndo inaongelea umoja, maana inaanza na "kwa hiyo", na huwezi kujua ni kwa hiyo nini kama hujasoma sura tatu za mwanzo. Mkifika sasa pale 4:3, Paulo anasema tujitahidi "kuuhifadhi umoja wa Roho", kuuhifadhi, sio kuutengeneza, maana yake upo tayari, tumepewa. Alafu shuka mpaka 4:13, anasema "hata na sisi sote tutakapoufikia umoja wa imani", huu sasa bado, tunauendea. Na katikati ya hizo mbili kawaweka nani? Mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na waalimu. Kumbe kufundishana ndo njia yenyewe ya kutoka umoja wa kwanza kwenda wa pili! Sisi tulikuwa tumefunga njia alafu tunashangaa kwanini hatufiki. Kitu kingine hapo, 4:14 Biblia yetu ya Union Version inasema "kila upepo wa elimu", vijana wakisoma wanafikiri Paulo anapinga shule, hapana, elimu hapo ni mafundisho. Mwenye kuongoza alijue hilo mapema asije akachekesha watu.

Kabla hamjaenda mbali tafuteni karatasi moja. Msiandike katiba, nawaomba, tuliandika kurasa nne na hakuna aliyesoma. Chukueni Imani ya Mitume, ile "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi", mpite nayo mstari kwa mstari mkiuliza, hili limeandikwa wapi? Walutheri na Waanglikana wataisema kwa kichwa bila kufikiri, Wapentekoste wengi hawaisemi ibadani lakini ukiwauliza kila mstari wataitikia amina. Kwenye neno "katoliki" mtu atashtuka, mwambieni maana yake ya asili ni la wote, la kila mahali. Mkimaliza mnakuta mnakubaliana Mungu ni nani, Yesu ni nani, alikufa, akafufuka, atarudi. Sio kidogo hicho. Watu waligombana mpaka kwenye mikutano mikuu ya kanisa, Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli 381, kulipata jibu la nani huyu Yesu, sisi tunalikuta mezani.

Sasa kazi ngumu, makapu matatu. Kapu la kwanza weka yale ambayo yakitoka hakuna Injili tena, kipimo chake 1 Wakorintho 15:3-4, Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka, "kama yanenavyo maandiko". La pili ni yale yanayofanya tusali makanisa tofauti lakini bado tuitane ndugu, ubatizo wa watoto, meza ya Bwana, maaskofu, kunena kwa lugha. La tatu mambo ya Warumi 14, chakula, siku, mavazi, kila mtu na dhamiri yake. Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Dada yetu Msabato alikataa katakata Sabato iingie kapu la tatu, akasema hiyo ni moja ya amri kumi, mnaitupaje na mambo ya nyama na mboga? Na kusema kweli hoja anayo. Tukaandika pembeni kwamba hatujakubaliana hata inakaa kapu gani, tukaendelea, na bado anakuja.

Msione aibu mkikwama hapo, wamekwama wakubwa. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, viongozi wa matengenezo ya kanisa, walikutana Marburg kule Ujerumani, hoja 15, wakakubaliana 14, wakashindwana kwenye mwili na damu ya Bwana mezani. Na kwetu huku, Juni 1913, wamisionari walikutana Kikuyu, Kenya, Waanglikana wa CMS (shirika lao la umisionari), Wapresbiteri wa Scotland, Wamethodisti, AIM (Africa Inland Mission) na wengine, wakapanga shirikisho. Msingi wao ulikuwa Maandiko pamoja na Imani ya Mitume na ya Nikea, yani karibu ileile karatasi niliyowaambia. Mwisho wa mkutano wakashiriki meza ya Bwana pamoja kwenye kanisa la Wapresbiteri, askofu wa Mombasa, Peel, akiongoza. Habari ikafika Unguja. Askofu wa huko Muanglikana, Frank Weston, akawaka, akaandika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Kwa Weston suala la maaskofu halikuwa la kapu la pili, kwake kanisa bila askofu lilikuwa na kasoro kwenye msingi. Mimi nikisoma naona wale wa Kikuyu walifanya vizuri kuanza na Maandiko, ila waliharakisha meza. Walikubaliana imani, hawakuwa wamekubaliana uzito wa tofauti zao. Ndo maana nasema makapu kwanza, mambo ya kushiriki meza mwisho kabisa, na hayo waachieni wachungaji wenu, kikundi cha saa ya chakula hakina kazi hiyo.

Mkifika kwenye swala lenyewe linalochoma, wekeni sheria hii: hakuna kujibu mpaka uiseme hoja ya mwenzako na yeye akubali kwamba umeisema sawa. Ile ya ubatizo tuliirudia baada ya miezi minne. Mama mmoja Mlutheri alitakiwa aeleze kwanini wenzake wa Kipentekoste wanabatiza watu wazima tu, akaenda Matendo 8 kwa yule towashi aliyeamini ndo akaingia majini, akaenda Warumi 6:4, kuzikwa pamoja naye, akaeleza vizuri mpaka kaka Mpentekoste akasema mama hapo umehubiri. Zamu ya kaka, aeleze kwanini wengine wanabatiza watoto, akaeleza Matendo 16 askari wa gereza alivyobatizwa yeye na watu wake wote, na Wakolosai 2 tohara inavyowekwa karibu na ubatizo. Hakuna aliyehama upande. Ila hamna aliyesema tena kwamba mwenzake hasomi Biblia, na ujue hilo ndo lilikuwa limetuvunja mara ya kwanza, sio maji.

Mtu akitoa mstari, muulizeni maswali matatu tu, nani anaambiwa, kabla yake kumesemwa nini, baada yake kunasemwa nini. Hata kama ni mtumishi mkubwa. Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimchunguza Paulo mwenyewe kila siku kwa Maandiko na Matendo 17:11 inawaita waungwana, haiwaiti waasi. Nasisitiza kwa sababu tumeona Shakahola, Kilifi, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Kwaiyo sio kila kitu kina kapu. Mtu akiwauzia maji au mafuta na kusema bila hayo damu ya Yesu haitoshi, hiyo sio tofauti ya madhehebu, fungueni Wagalatia 1:8 mmsomee, kwa upole, alafu asiongoze tena.

Na kabla ya kuita ugomvi "wa mafundisho" angalieni kwanza kama sio wa mweka hazina. Korintho walikuwa na mimi wa Paulo, mimi wa Apolo, mimi wa Kefa, na Paulo hakuwauliza Apolo anafundisha nini tofauti, aliuliza "Je! Kristo amegawanyika?" Kwetu mara mbili nzima shida ilikuwa nani anashika maiki.

Mkianza wiki hii, chukueni Waefeso 1 yote kwa siku moja, mtu asome kwa sauti na asiwe mchungaji wala mwenyekiti, wengine wawe na Biblia za tafsiri tofauti kama zipo. Dakika kumi kusoma, ishirini maswali, tano kuomba, na swali lisilopata jibu liandikwe kwenye daftari moja linalobaki kikundini. La kwetu la ubatizo bado liko ukurasa wa kwanza.