Kuweka presha kwenye midomo ya bomba: tanki la Mikindani

Mama mkubwa ana tanki la plastiki Mikindani, limekaa juu ya mnara. Kutoka usawa wa maji hadi mdomo wa chini ni mita 8: mita 2 za maji tankini, 6 za bomba la inchi moja. Alitaka kujua kama ndoo ya lita 20 itajaa upesi akiweka bomba nene zaidi. Nikawasha laptopu, nikafungua programu ya kuiga mtiririko wa maji; inataka uiambie presha ya kila mdomo wa bomba.

Anza na mdomo wa chini. Maji yanamwagikia hewani, kwa hiyo andika presha sifuri, ya geji, yaani inayohesabiwa juu ya presha ya hewa. Ukiandika paskali 101,325 za hewa pale chini huku juu umetumia geji, utaona maji yanapanda kurudi tankini.

Mdomo wa juu, yaani tundu la tanki, weka presha jumla (presha tuli pamoja na ile ya mwendo), si presha tuli peke yake. Maji ya tankini karibu yametulia. Yakiingia bombani, sehemu ya presha inageuka mwendo. Huo mwendo iachie programu iutafute. Ukiubana pamoja na presha mdomo huohuo, hesabu haina pa kupumulia.

Hapo ndipo nilipochemka. Nilizidisha 1,000 (densiti ya maji) kwa 9.81 (mvutano wa dunia) kwa mita 8, nikapata paskali 78,480, nikaziandika juu. Kumbe mvutano wa dunia nilishauwasha, na programu ile ilikuwa inajumlisha yenyewe uzito wa maji yaliyomo bombani. Zile mita 6 zimehesabiwa mara mbili! Picha ilitoka safi, rangi zimetulia, ndoo inajaa kwa sekunde 7. Nikaenda bombani na ndoo na simu. Sekunde 9.

Mvutano ukiwa umewashwa namna ile, juu zinatosha paskali 19,620, za mita 2 tu. Ukiuzima, ndipo 78,480 inakuwa sahihi. Kwenye simpleFoam, kikokotoo cha OpenFOAM (programu ya bure ya kuiga mtiririko), kisicho na mvutano, andika 78.48, maana presha yake huwa imeshagawanywa kwa densiti ya maji.

Kama kuna elbo karibu na mdomo wa chini, maji yanaweza kujizungusha na kuingia tena. Ongeza kipande kilichonyooka, kama sentimita 25 kwa bomba hili, ndipo uweke sifuri.

Mama mkubwa hakubadilisha bomba. Sekunde 9 si neno, alisema. Shida yake ni tanki lenyewe kujaa.