Salfa haitibu ubwiri vinyoya wa zabibu

Mkulima anageuza jani la mzabibu, anaona weupe wa ugonjwa wa ubwiri vinyoya, anakimbilia dukani kununua salfa. Kila mwaka mvua za Dodoma zikishachanganya nayakuta hayo Hombolo, nayakuta Mpunguzi. Fedha imekwenda, majani yameungua, vichala vimekauka punje zikiwa bado kama ulezi.

Nadhani tumeponzwa na korosho. Salfa ilijipatia sifa kwa ubwiri unga wa mikorosho, na ubwiri unga wa mzabibu pia inauweza. Ubwiri vinyoya ni ukoo mwingine kabisa, ndugu wa ukungu unaounguza viazi na nyanya wakati wa mvua. Kwake salfa haifui dafu. Na ukiipuliza saa saba mchana, joto limepita nyuzi 32, majani umeyaunguza mwenyewe, usiusingizie ugonjwa.

Ubwiri unga ukiupitishia kidole unafutika kama vumbi la mashine ya kusaga, na huja hata pasipo mvua. Vinyoya huanza na doa la njano juu ya jani, linang'aa kama tone la mafuta ya kula, na weupe huota chini ya doa hilohilo. Una wasiwasi? Jioni chuma majani mawili yenye doa, yatie kwenye kopo la plastiki na karatasi iliyoloweshwa, funika, weka gizani ndani ya nyumba. Asubuhi ukikuta pamba mpya chini ya doa, hivyo ni vinyoya.

Dawa zake ni mankozebu au za shaba, nazo hukinga, haziponyi. Doa unaloliona leo liliingia kama wiki moja nyuma. Kwa hiyo pulizia kabla ya mvua, dawa ikaukie jani. Tega shambani kopo lenye ubavu ulionyooka: maji yakifika sentimita 1 kwa siku moja, yaani milimita 10, ugonjwa umepata njia. Rudia kila siku 7 hadi 10. Mvua ikipita milimita 25 usisubiri siku zitimie.

Mankozebu kwa kawaida ni gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 20, lakini lebo ikisema tofauti, fuata lebo. Gramu, jamani, si vifuniko vya soda! Nunueni mizani hata kwa kuchangiana. Nozeli ielekee juu, ukipulizia kutoka chini, kwa sababu ugonjwa huingilia matundu ya upande wa chini wa jani. Anayelowesha juu tu anaosha majani.

Mchanganyiko wenye metalaksili, dawa inayopenya ndani ya mmea, usizidi mara 2 kwa msimu, ugonjwa usije ukauzoea. Hesabu pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo.

Machipukizi yakitoka safi na madoa ya zamani yakikauka, dawa imeshika. Ratiba iendelee hadi mvua ikatike.